UZI: Kuthibitisha kwamba pembetatu mbili zinalingana, na mahali alama zinapopotelea

Bikari_Mkunguni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wanajukwaa. Kila muhula maswali haya yanarudi, basi tuyaweke pahali pamoja. Uzi ni wa jometri ya kidato cha pili na kuendelea: umepewa pembetatu mbili, uthibitishe kwamba zinalingana, halafu jibu hilo likufikishe kwenye jambo jingine. Walimu, mafundi, wanafunzi, kila mwenye lake aongeze.

Maneno kwanza, maana Kiswahili chetu cha barazani huyachanganya. Humu, pande mbili au pembe mbili ni *sawa* zikiwa na kipimo kimoja. Pembetatu mbili *zinafanana* zikiwa na umbo moja hata kama moja ni kubwa, mfano wa picha ya pasipoti na picha hiyohiyo iliyokuzwa ikatundikwa ukutani. *Zinalingana* zikiwa na umbo moja na ukubwa mmoja: ukiikata moja kwa mkasi ukailaza juu ya nyingine, inaifunika yote na hakibaki kipande. Usiandike "pembetatu ziko sawa" ukaachia hapo. Yenye kitako sm 6 na kimo sm 4 ina eneo sawa na yenye kitako sm 8 na kimo sm 3, zote sm² 12, na hazifunikani hata kidogo.

Masharti yenyewe ni matano. Darasani mnayaandika SSS, SAS, ASA, AAS na RHS, na kwenye karatasi ya mtihani endeleeni hivyohivyo. Humu nitatumia U kwa upande na P kwa pembe: UUU, UPU, PUP, PPU, na MHU (pembe mraba, yaani ya nyuzi 90; hipotenusi, yaani upande unaoitazama pembe hiyo; na upande mmoja). Faida yake ni kwamba mtu anaisikia maana. Katika UPU, pembe imebanwa katikati ya pande mbili. Katika PUP, upande ndio uliobanwa.

Sasa jambo linalonikera kuliko yote: mpangilio wa herufi. Ukiandika ∆ABC ≡ ∆PQR (alama ≡ husomwa "inalingana na") umeshasema mambo sita kwa pigo moja. A imekwenda na P, B na Q, C na R; kwa hivyo AB = PQ, BC = QR, CA = RP, na pembe tatu vivyo hivyo. Ukiandika ∆ABC ≡ ∆QPR umesema jambo jingine kabisa, na huenda ni uongo. Kabla ya kuandika sentensi yoyote weka safu mbili pembeni:

A B C
P Q R

Kila mstari wa uthibitisho usomwe kutoka hapo, juu kwa chini. Ukitaja AC, mwenzake ni PR, si RP wala RQ. RP na PR ni upande mmoja kwa urefu, sawa, lakini anayeandika ovyo hapo ndiye atakayekosea pembe mistari miwili mbele.

Mfano. ∆ABC ina AB = AC. D iko kwenye AB, E iko kwenye AC, na AD = AE. Thibitisha kwamba BE = CD.

Pembetatu hapa zimepandana, ndiyo maana watu hukwama. Usizitafute kwa macho, zitafute kwa herufi. Tunataka BE: ni upande wa ∆ABE na wa ∆CBE. Tunataka CD: ni upande wa ∆ACD na wa ∆BCD. Habari zote tulizopewa zinatoka kipeo A, basi chukua ∆ABE na ∆ACD. Zichore upya mbalimbali, kila moja peke yake.

A B E
A C D

AB = AC (tumepewa)
∠BAE = ∠CAD (ni pembe ileile iliyo A)
AE = AD (tumepewa)
∴ (yaani "kwa hivyo") ∆ABE ≡ ∆ACD (UPU)
∴ BE = CD (pande wenza za pembetatu zinazolingana)

Mistari mitano. Wa mwisho husahaulika sana: mtu anathibitisha pembetatu, anaweka kalamu chini, na swali halikuuliza pembetatu, liliuliza BE na CD.

Msomi_Ganda

Maalim, nikichukua ∆BCD na ∆CBE je? Nimepata: DB = EC, ∠DBC = ∠ECB, BC ni ya pamoja. UPU pia.

Bikari_Mkunguni

Ni sahihi, ila umelipa zaidi. DB = EC yataka mstari wake: AB − AD = AC − AE. Na ∠DBC = ∠ECB umeitoa kwenye kanuni ya pembe za kitako za pembetatu yenye pande mbili sawa, kwa hivyo itaje kanuni hiyo kama sababu. Hapa inaruhusiwa. Lakini swali likisema "thibitisha kwamba pembe za kitako ni sawa", njia yako itakuwa imekopa kile inachodaiwa.

DadaWaShela

Hapo kwenye pembe za kitako nina neno, maana ndipo nionapo kosa ambalo wengi hata hawalijui kuwa ni kosa.

AB = AC, thibitisha ∠B = ∠C. Mwanafunzi anaandika: "Chora AM, wima kwa BC, M ikiwa katikati ya BC." Hilo haliwezekani kuamrishwa. Mstari unaouongeza mwenyewe una haki ya sharti moja tu zaidi ya kupita A. Chagua:

(a) M ni katikati ya BC. Basi BM = CM, AB = AC, AM ya pamoja, UUU.
(b) AM inagawa pembe A sawasawa. Basi AB = AC, ∠BAM = ∠CAM, AM ya pamoja, UPU.
(c) AM ni wima kwa BC. Basi pembe mraba kwenye M, hipotenusi AB = AC, AM ya pamoja, MHU.

Kila moja inatosha peke yake, na yale mawili uliyoyaacha yanatoka kama matokeo. Ukiyaweka yote mwanzoni umeandika jibu ndani ya swali. Na tahadhari na (c): vitabu vingine huthibitisha MHU kwa kutumia hizo pembe za kitako. Kama chako kimefanya hivyo, (c) inazunguka duara. Tumia (a).

Ipo njia ya nne isiyohitaji mstari wowote, nayo imenasibishwa na Pappus wa Alexandria. Linganisha ∆ABC na ∆ACB, yaani pembetatu hiyohiyo na nafsi yake iliyogeuzwa. AB = AC, ∠BAC = ∠CAB, AC = AB, UPU, basi ∠ABC = ∠ACB. Wanafunzi hudhani ni kiinimacho. Si kiinimacho: sharti la UPU halikusema popote kwamba pembetatu ziwe mbili tofauti.

Fundi_Kenchi

Naingia na upande wa kazi, walimu mnisamehe.

UUU ndiyo inayoshika paa. Chukua mbao tatu, piga msumari mmoja kila kona: haiendi popote. Urefu wa pande tatu ukishawekwa, umbo ni moja tu. Chukua nne ufanye fremu ya mlango, msumari mmoja kila kona, sukuma kidogo: inalala. Pande hazikubadilika, pembe ndizo zilizobadilika, kwa sababu hakuna kanuni ya UUUU. Ndiyo sababu fremu inapigwa mbao ya mshazari mpaka ikae ukutani. Mshazari umeigeuza kuwa pembetatu mbili.

Kenchi: nafasi ya chini mita 6, mbao mbili za mteremko mita 4.25 kila moja (paa la makuti, mteremko mkali ili maji yasilale). Nguzo ya kati ikisimama katikati kabisa ya mbao ya chini, mita 3 kila upande, itakuwa wima bila kuipima. Ni ile (a) ya dada hapo juu: UUU, basi pembe mbili za chini ya nguzo ni sawa, na jumla yake ni nyuzi 180, basi kila moja 90. Urefu wa nguzo utatoka mita 3.01. Ukikosea katikati kwa sentimita 5, nguzo inainama sentimita 5 katika kimo cha mita 3, karibu nyuzi 1, na timazi itakuaibisha.

Tena jambo la fremu. Mafundi wengi hupima mishazari miwili, ikiwa sawa wanasema fremu iko mraba. Haitoshi. Pima pande kwanza: juu sawa na chini, kushoto sawa na kulia. *Halafu* mishazari. Fremu nyembamba juu na pana chini, ambayo kushoto na kulia zimeinama sawasawa, nayo ina mishazari sawa, na mlango hautaingia.

DadaWaShela

Fundi umetoa swali zuri la mtihani bila kukusudia. ABCD, AB = DC, AD = BC, AC = DB. Thibitisha kwamba ∠ABC ni nyuzi 90.

A B C
D C B

AB = DC (tumepewa)
BC = CB (ya pamoja)
AC = DB (tumepewa)
∴ ∆ABC ≡ ∆DCB (UUU)
∴ ∠ABC = ∠DCB

Pande zikabilianazo ni sawa, basi AB ni sambamba na DC, na hizo pembe mbili ziko upande mmoja wa mkato BC (mstari unaoikata mistari hiyo sambamba), jumla nyuzi 180. Kila moja 90. Kwa fremu ya fundi iliyo nyembamba juu, mistari hiyo mitatu ya kwanza bado inasimama na pembe mbili za chini bado ni sawa. Kinachovunjika ni usambamba, na bila huo jumla si 180 tena. Hapo ndipo mlango unapokwama.

Bikari_Mkunguni

Na kamba ya 3-4-5 ya kuweka msingi inasimama juu ya UUU vilevile. Pythagoras peke yake anasema: pembe ikiwa mraba, basi 9 + 16 = 25. Fundi anakwenda kinyume: pande ni 3, 4, 5, basi pembe ni mraba. Kinyume hicho chataka uthibitisho wake. Jenga pembeni pembetatu yenye pembe mraba na pande 3 na 4. Hipotenusi yake ni 5. Kwa UUU inalingana na ya fundi. Basi ya fundi nayo ina pembe mraba.

Mtahini_Mstaafu

Nataka kuzungumzia UUP, yaani pande mbili na pembe isiyobanwa kati yake. Kila mtu anajua "haikubaliki", wachache wanajua kwa nini, na wachache zaidi wanajua ni lini inakubalika.

Chukueni bikari. Chora mstari mrefu kutoka A. Kwenye A weka pembe ya nyuzi 30. Juu ya mkono wa pili wa pembe pima AB = sm 8. Sasa fungua bikari sm 5, weka ncha kwenye B, zungusha. Tao linaukata ule mstari *mara mbili*: kwenye sm 3.93 na kwenye sm 9.93 kutoka A. Una pembetatu mbili zenye AB = 8, BC = 5, ∠A = 30, na hazilingani. Pembe ya C katika moja ni nyuzi 126.9, katika nyingine 53.1. Jumla ya hizo mbili ni 180, na itakuwa hivyo kila mara, kwa sababu B na zile C mbili zinaunda pembetatu yenye pande mbili sawa.

Kutoka B hadi kwenye mstari, wima, ni sm 4. Ukifungua bikari chini ya sm 4 tao halifiki. Sm 4 kamili, linagusa mara moja, pembe mraba. Kati ya 4 na 8, mara mbili. Sm 8 au zaidi, mara moja tu mbele ya A. Kwa hivyo UUP inakubalika ikiwa upande unaotazama pembe uliyopewa haupungui ule mwingine. Na hapo mtaona MHU si kanuni ngeni iliyoangushwa kutoka mbinguni: hipotenusi inatazama pembe mraba, na hipotenusi daima ni ndefu kuliko upande mwingine.

Kwenye karatasi lakini usiandike UUP hata pale inapofaa. Ikiwa pembe ni mraba andika MHU. Ikiwa si mraba, tafuta pembe iliyobanwa.

KijanaWaMkomani

Swali la haraka. PPU na PUP si kitu kimoja? Pembe mbili zikijulikana ya tatu inajulikana.

Mtahini_Mstaafu

Ni kitu kimoja kwa sababu hiyohiyo, nyuzi 180. Ila ipo hila ndani yake na ndiyo inayoangusha wanafunzi wazuri: upande lazima uwe *mwenza*, yaani utazame pembe ileile katika pembetatu zote mbili.

∆ABC, pembe mraba iko A. Teremsha AD wima juu ya BC. Mwanafunzi anaangalia ∆ABD na ∆CAD, anaandika:

∠ADB = ∠CDA (nyuzi 90)
∠ABD = ∠CAD (kila moja ni 90 kutoa ∠C)
AD ya pamoja
∴ zinalingana (PPU)

Kila mstari ni kweli, na hitimisho ni uongo. Weka namba: AB = 15, AC = 20, BC = 25. AD ni 12, BD ni 9, DC ni 16. Pembetatu moja ni 9-12-15, nyingine ni 12-16-20. Zinafanana, hazilingani.

Kosa liko wapi? Panga herufi kama Maalim alivyosema:

A B D
C A D

AD ya juu, mwenzake chini ni CD. AD si mwenza wa AD! Upande ni wa pamoja kweli, lakini katika pembetatu ya kwanza unatazama ∠B, na katika ya pili unatazama ∠C. Upande wa pamoja hauna faida mpaka ukae mahali pamoja kwenye safu zote mbili.

Msomi_Ganda

Hii ya 12 imenimaliza. Nilikuwa nikiona "ya pamoja" naandika bila kufikiri.

Nahodha_wa_Pwani

Wapenda bahari, PUP inapima umbali wa chombo. Proclus, mwanafalsafa Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5, ameeleza kuwa Eudemus, mwanahistoria wa hisabati wa kale, aliinasibisha kanuni hii na Thales, Mgiriki wa kabla yao, kwa sababu hiyo: kupima umbali wa merikebu ukiwa ufukweni. Namna hasa Thales alivyofanya haikuandikwa. Hii hapa ni njia inayofanya kazi.

Jahazi limetia nanga, liite B. Simama A ufukweni, mkabala nalo. Geuka pembe mraba, tembea kando ya maji hatua kadhaa mpaka C, chomeka kijiti. Endelea kwenye mstari uleule hatua zilezile mpaka D, ili AC = CD. Hapo geuka pembe mraba kuelekea nchi kavu, bahari ikiwa mgongoni, tembea huku ukitazama nyuma mpaka kijiti na jahazi vikae mstari mmoja. Umefika E.

∠BAC = ∠EDC (nyuzi 90)
AC = DC (umepima)
∠ACB = ∠DCE (zinatazamana kwenye mkato)
∴ ∆ABC ≡ ∆DEC (PUP)
∴ AB = DE

Pima DE kwa kamba, ndio umbali.

Matatizo yake ni mawili. La kwanza, DE ni ndefu sawa na umbali wa jahazi, na gatini Lamu huwezi kutembea mita 100 kuelekea bara, utaingia sebuleni mwa watu. Shela au ufuo wa Malindi ni nafuu. Usipokuwa na nafasi, fanya CD iwe sehemu ya kumi ya AC. DE itakuwa sehemu ya kumi ya AB. Lakini hapo umetoka kwenye kulingana umeingia kwenye kufanana, na sababu ya mwisho ibadilike.

La pili ni pembe ya D. Jahazi liko mita 100, AC na CD mita 50. Ukikosea nyuzi 2 tu pale D, DE itasoma mita 107.6 au 93.5 badala ya 100. Ukirefusha AC na CD ziwe mita 100 kila moja, kosa hilohilo la nyuzi 2 linakupa takriban 103.7. Kwa hivyo tembea zaidi kando ya maji, na pembe mraba uifanye kwa kamba ya 3-4-5, usiikadirie kwa mikono.

Fundi_Kenchi

"Sebuleni mwa watu" 😂 Kweli kabisa.

Bikari_Mkunguni

Nilisahau kusema jambo la kugeuza. Pembetatu zinaweza kulingana kwa kuzungushwa tu, au kwa kupinduliwa kama kwenye kioo. Mshazari wa msambamba (umbo la pande nne, zinazokabiliana zikiwa sambamba) unatoa za aina ya kwanza: izungushe moja nyuzi 180 inakaa juu ya pili. Umbo la tiara (lile la kuchezea watoto, pande mbili fupi sawa na mbili ndefu sawa) mshazari wake mrefu unatoa za aina ya pili. Masharti matano hayajali, yote ni kulingana. Ila swali likiuliza kama ni kulingana kwa moja kwa moja au kwa kinyume, soma herufi za safu zako mbili: A-B-C ikizunguka kwa mwendo wa saa na P-Q-R nayo hivyo, ni moja kwa moja. Moja kwa saa na moja kinyume chake, imepinduliwa.

Fundi_Kenchi

Muulize fundi wa vigae. Kigae kina uso mmoja wa kung'aa. Ukikata pembetatu ya pande tatu tofauti kwa ajili ya kona ya kushoto, huwezi kuigeuza ikafaa kona ya kulia. Vipimo ni vilevile, uso uko chini. Ya pande mbili sawa haina shida hiyo.

DadaWaShela

Sasa mchezo, kwa wanaopenda kuamini michoro. Nitathibitisha kwamba *kila* pembetatu ina pande mbili sawa. Chukua ∆ABC yoyote. Mstari unaogawa pembe A sawasawa, na mstari wima unaopita katikati ya BC, vikutane O. Kutoka O teremsha OE wima kwa AB na OF wima kwa AC.

∆AEO ≡ ∆AFO (PPU: pembe nusu za A, pembe mraba, AO ya pamoja). Basi AE = AF na OE = OF.
OB = OC, kwa kuwa O iko kwenye mstari wa katikati ya BC.
∆OEB ≡ ∆OFC (MHU). Basi EB = FC.
Jumlisha: AE + EB = AF + FC, yaani AB = AC.

Kosa liko mstari gani?

KijanaWaMkomani

PPU ya kwanza iko sawa, safu ni A E O na A F O, AO ni mwenza wa AO. MHU nayo iko sawa. Basi ni ule wa kujumlisha?

Mtahini_Mstaafu

Huo huo. Pembetatu zote alizozitaja zinalingana kweli. Tatizo ni mahali pa vituo. Pande za AB na AC zikitofautiana, O iko *nje* ya pembetatu, ng'ambo ya BC, na kati ya E na F kimoja kinaangukia ndani ya upande na kingine kwenye mwendelezo wake.

Mwenye shaka achore AB = 8, AC = 5, BC = 7; pembe A itakuwa nyuzi 60 kamili. AE na AF zote ni 6.5. EB na FC zote ni 1.5. Kwa AB: 6.5 + 1.5 = 8. Kwa AC: 6.5 *kutoa* 1.5 = 5, kwa sababu F imepita C. Anayechora kwa mkono O huiweka ndani, na mchoro unamdanganya. Chora kwa bikari na rula, na uchore pembetatu isiyo na pande zinazokaribiana.

Kwa ziada: hata Euclid, yapata mwaka 300 KK, aliithibitisha UPU kwa kuiinua pembetatu moja na kuilaza juu ya nyingine, na wengi baadaye waliuliza ni kanuni gani imemruhusu kuinua. Hilbert, mwanahisabati Mjerumani, mwaka 1899 aliamua kiini cha UPU kichukuliwe kama msingi, bila kuthibitishwa. Kwa hivyo mwanafunzi akikuuliza "kwa nini UPU ni kweli?", usimkaripie.

Msomi_Ganda

Na mimi nina swali basi. Pembetatu ina vitu sita: pande tatu, pembe tatu. Nikionyesha kwamba vitano kati ya sita ni sawa, zinalingana bila shaka?

DadaWaShela

Hapana.

KijanaWaMkomani

Dada, vitano? Lazima UPU iwemo humo.

DadaWaShela

Pande 8, 12, 18. Na nyingine 12, 18, 27. Kila upande umezidishwa mara 1.5, kwa hivyo zinafanana na pembe zote tatu ni sawa. Pande mbili pia ni sawa, 12 na 18. Vitu vitano. Na moja ni kubwa kuliko nyingine.

Sasa ipange: 8 mwenzake ni 12, 12 mwenzake ni 18, 18 mwenzake ni 27. Ile 12 ya kwanza na 12 ya pili si wenza. Pembe iliyobanwa kati ya 12 na 18 kwenye ya kwanza inatazama 8, ile iliyobanwa kati ya 12 na 18 kwenye ya pili inatazama 27. Ni kosa lilelile la AD, limevaa kanzu nyingine.

KijanaWaMkomani

Nimejaribu kutafuta ndogo zaidi kwa namba nzima: 1, 2, 4 na 2, 4, 8. Haifungi, 1 + 2 ni 3, na 4 haifikiwi.

Mtahini_Mstaafu

Kizidishi kisifike 1.618, vinginevyo pande mbili fupi hazikutani. Mara 2 imepita. Kwa namba nzima 1.5 ndiyo sehemu rahisi kuliko zote inayokaa chini ya hapo, na kwa kuwa unaizidisha mara tatu mfululizo, upande wa kwanza lazima ugawanyike kwa 2 × 2 × 2. Kwa hivyo 8-12-18 na 12-18-27 ndizo ndogo kabisa. Ukitaka uzione kwa mkono, kata mbili hizo kwa kadibodi, sm kwa sm, ukazilaze moja juu ya nyingine kona kwa kona.